TIN yangu (namba ya mlipakodi) ilitumiwa na mtu mwingine kwa miaka mitatu. Kagueni namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa kwenye TIN zenu

Mama Vitenge wa Mbuyuni (mleta uzi)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mimi ni mama wa vitenge hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Humu huwa nasoma tu, sijawahi kufungua uzi. Leo naandika kwa sababu juzi jirani yangu wa meza kaniomba nimpeleke "kwa yule kijana anayefungulia watu TIN", na nikikaa kimya atapita palepale nilipopita mimi.

Mwaka 2021 nilitaka leseni ya biashara. Nikaambiwa lete TIN. Foleni niliiogopa, siku moja bila kufungua ni siku moja bila kula, basi mtoto wa jirani akanielekeza steshenari moja upande wa stendi. Nikamkuta kijana mstaarabu, ananiita mama, ananivutia kiti. Akaomba namba ya NIDA, nikampa. Akaniuliza barua pepe, nikamwambia mimi mambo hayo sina. Akasema, "Usijali mama, nakuwekea." Nikalipa elfu kumi na tano, nikatoka na karatasi yangu imepigwa lamineshen, nikaitundika ukutani dukani.

Hilo neno "nakuwekea" ndilo lililoniponza. Barua pepe aliyoweka ilikuwa yake. Namba ya simu aliyoweka pia haikuwa yangu. Kwa hiyo kila taarifa ya mfumo kuhusu mimi ilikwenda kwake, na neno la siri likitakiwa kubadilishwa, uthibitisho unaingia kwenye simu yake. Mimi nilikuwa na karatasi ukutani, yeye alikuwa na funguo.

Mapema mwaka 2024 nikaenda mwenyewe TRA, Mamlaka ya Mapato, kufanyiwa makadirio ya kodi, maana kijana alishafunga ofisi. Afisa akaandika TIN yangu, akanyamaza, akasogeza kioo cha kompyuta upande wangu. "Mama, duka lako la vifaa vya ujenzi liko wapi?" Nikamwambia sina, nauza vitenge. Akaninyooshea kidole kwenye mstari mmoja mmoja: saruji, nondo, mabati, rangi. Risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, zote zimeandikwa mnunuzi ni mimi, majina yangu matatu na TIN yangu. Jumla ilipita milioni 83.

Nilikaa pale na mkoba mapajani, sijui niseme nini. Mimi ambaye nikifika Kariakoo na milioni mbili najiona nimetoka na mzigo.

Afisa mwenyewe ndiye aliyenieleza jinsi mchezo unavyokwenda. Kuna mtu anafanya biashara kubwa na hataki ionekane. Akinunua mzigo, muuzaji anamwomba TIN ili iingie kwenye risiti, naye anataja ya mtu mwingine. Manunuzi yanarundikana kwako, mauzo na faida vinabaki kwake. Sasa mtu ambaye kwenye mfumo kanunua mzigo wa milioni 83, utamwambiaje mkadiriaji kwamba mauzo yako ya mwaka hayafiki hata milioni 15?

Haikuisha siku moja. Nilikwenda polisi nikafungua taarifa nikapewa RB, namba ya taarifa ya polisi. Nikaandika barua ya maelezo, nikaambatanisha nakala ya kitambulisho, leseni inayoonyesha biashara ni nguo, na madaftari yangu ya mauzo. Kwanza kabisa nilibadilisha namba ya simu na barua pepe, nimesimama mbele ya afisa, kitambulisho mkononi. Hapo baadaye nilipata msaada wa mshauri wa kodi mwenye usajili, na ndiye aliyeniambia jambo ambalo ningelijua mapema nisingelala macho: ukipewa makadirio usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Ukinyamaza, hizo siku zinaondoka nawe unazitazama.

Nikadhani yameisha. Baada ya kama miezi miwili simu ikaita. Sauti nzito, tulivu. Kanitaja majina yote matatu, kanisomea TIN yangu tarakimu zote tisa, kataja na soko nilipo. "Faili lako liko mezani kwangu, mama. Unadaiwa milioni nne na ushee. Ukituma laki tatu na nusu kwa namba hii nitakayokutajia, nalifunga leo." Mikono ilikuwa inatetemeka, na kalamu nilishashika. Binti yangu alikuwa anakunja vitenge pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, muulize namba ya malipo ya Serikali." Nikamuuliza. Akasema mfumo uko chini, nitume hivyohivyo kwanza. Binti akaichukua simu akaikata.

Ndugu zangu, kodi ya TRA hailipwi kwa kumtumia mtu pesa. Unapewa namba ya malipo, unaingia kwenye menyu ya malipo ya Serikali kwenye simu au unakwenda benki, unaingiza namba, unalipa, unabaki na ujumbe wa uthibitisho. Mfumo ukiwa chini utasubiri uinuke. Hakuna afisa anayekaa na deni lako kwenye namba yake ya simu.

Na TIN ni bure. Narudia kwa herufi kubwa kwa ajili ya mama zangu wa sokoni: TIN NI BURE. Ile elfu kumi na tano ni ya kompyuta na karatasi, na hiyo sina ugomvi nayo, mtu kafanya kazi. Ugomvi wangu ni mtu kuandika simu yake mahali pa simu yangu.

Karibuni.

Fundi wa Ngarenaro

Pole sana mama. Mimi niko Arusha, Ngarenaro, natengeneza milango ya chuma. Nimesoma hapa nikainuka kwenda kutafuta karatasi ya TIN yangu. Barua pepe iliyoandikwa ni jina la mtu nisiyemjua. Aliyenifungulia simu yake haipatikani tangu mwaka jana. Nifanyeje? Nikienda TRA hawatasema mimi ndiye mkwepaji?

Mhasibu wa Njiro

Fundi, nenda Jumatatu asubuhi, usingoje. Anayekwenda mwenyewe na kitambulisho chake kusema "taarifa hizi si zangu" hana sura ya mkwepaji. Beba kitambulisho cha NIDA na karatasi ya TIN. Kuhusu simu, hakikisha laini unayokwenda kuandikisha imesajiliwa kwa alama za vidole vyako wewe, si ya mkeo wala ya kijana wako wa kazi. Ukifika omba vitu viwili: wabadilishe mawasiliano, halafu wakuonyeshe kilichomo kwenye TIN yako, yaani kama kuna biashara nyingine imefunguliwa, gari, deni, ama ritani (taarifa ya kodi) ambayo hukuipeleka. Kama kuna kitu hukijui, usitoke bila kukiandikia barua na kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Hiyo nakala itunze kuliko risiti ya nyumba.

Sasa nizungumze na wote, maana mimi ni CPA, mhasibu aliyethibitishwa, na kazi hii ndiyo inayonilisha.

Wengi wanaokuja ofisini kwangu hawanihitaji. Naam, nasema hivyo nikijua napoteza mteja. Kama ni mtu binafsi, una duka moja, mauzo hayazidi milioni 100 kwa mwaka, uko kwenye kodi ya makadirio. Nenda TRA kati ya Januari na Machi, kaa na afisa, mweleze mauzo yako kwa daftari, utakadiriwa bila kulipia huduma hiyo. Kisha unalipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, wa Juni, wa Septemba na wa Desemba. Kwa hilo humhitaji mtu wa kati. Unahitaji daftari. Mwenye kumbukumbu za mauzo na asiye nazo hawakadiriwi sawa, na mara nyingi asiye nazo ndiye anayeumia.

Ukiwa na kampuni ni habari nyingine. Ritani ya mwaka ya kampuni inatakiwa ipitie kwa mhasibu mwenye CPA anayetoa huduma kwa umma, na inawasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Hapo utalipa mtu, na hapo ndipo vishoka wanapojificha. Mtu amevaa tai, ana muhuri, ana jina la ofisi, lakini ukimuuliza usajili anaanza kuhadithia anafahamiana na nani ndani.

Kumjua ni rahisi. Wahasibu na wakaguzi husajiliwa na NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Washauri wa kodi wanasajiliwa na TRA, na orodha yao iko kwenye tovuti ya TRA. Chukua jina lake kamili, litafute mwenyewe kwenye simu yako, si kwenye simu yake. Mwombe barua ya makubaliano inayosema atafanya nini na atalipwa kiasi gani. Malipo yake akupe risiti ya EFD, maana mshauri wa kodi asiyetoa risiti atakushauri nini kuhusu kodi? Na pesa ya kodi yenyewe isipite mkononi mwake hata shilingi. Akuletee namba ya malipo, ulipe mwenyewe.

Nimewaona watu wakilia mbele yangu kwa hilo la mwisho. Mama mmoja wa mgahawa alikuwa anampa mtu pesa taslimu kila robo mwaka, anarudishiwa karatasi nzuri yenye nembo. Karatasi zote zilikuwa zimechapishwa nyumbani. Miaka miwili TRA haikuwa imepokea kitu, na deni lenye riba lilikuwa lake, si la yule mtu.

Akikuambia "nina mtu wangu ndani, tutaishusha", inuka. Hapo umeshatoka kwenye ushauri umeingia kwenye rushwa, na TAKUKURU namba yao ni 113, bure.

Kijana wa Steshenari

Naomba na sisi tusikilizwe. Nina steshenari Arusha, Mianzini, mwaka wa sita sasa. Alichofanya yule kijana wa Moshi ni wizi na simtetei. Lakini niwaambie ukweli unavyokuwa upande huu wa meza.

Mteja anaingia ana haraka, hana barua pepe, simu yake haina chaji, anakuambia "weka yoyote, mimi nataka karatasi." Nilipoanza nilikuwa naweka yangu. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka foleni isogee. Nikaja kushtuka siku moja barua pepe yangu ina taarifa za kodi za watu zaidi ya arobaini. Nikajiuliza, kompyuta hii ikiibwa leo? Au kijana niliyemwachia duka akiwa na tamaa?

Siku hizi sifanyi hivyo. Mteja anakaa, tunamfungulia barua pepe yake kwenye simu yake, neno la siri anaandika yeye nami nageuka ukutani. Asiye na muda namwambia arudi kesho. Wateja wengine wamenikimbia kwa sababu hiyo, na sawa tu. Wale arobaini niliwapigia mmoja mmoja, wengine namba zimebadilika sijawapata. Hilo linanikaa moyoni mpaka leo.

Na kitu kingine ninyi wateja hamkiangalii: nakala za vitambulisho. Mashine ikitoa nakala mbaya mnaiacha pale mezani. Iombeni, mchane. Mkiacha nakala mahali popote, andikeni kwa kalamu juu yake, katikati ya karatasi, "kwa ajili ya leseni tu" na tarehe. Mtu akitaka kuitumia kwa jambo jingine maandishi yatamzuia.

Muongoza Watalii Sakina

Hii mada imenigusa. Sisi tunaofanya kazi kwa safari, leo kampuni hii kesho ile, kila ofisi inataka nakala ya NIDA na TIN. Msimu mmoja unaweza kuacha nakala kwenye ofisi nane, na nusu yake hujui zinakaa kabati gani.

Kwenye kundi letu la WhatsApp iliwahi kutupwa linki, imeandikwa waongoza watalii wanarudishiwa ile asilimia 5 ya kodi ya zuio inayokatwa kwenye malipo yetu, jaza majina, NIDA, TIN, namba ya simu, halafu "weka namba utakayotumiwa kwa meseji". Nembo ya TRA juu, rangi zilezile. Mimi nilijaza mpaka hapo pa meseji. Kilichonizuia ni anwani pale juu, haikuishia na tra.go.tz, ilikuwa na herufi nyingi zisizoeleweka. Wenzangu wawili walimaliza kujaza. Mmoja alipata hasara usiku uleule, pesa zote za kwenye simu ziliondoka.

Ile kodi ya zuio unayokatwa, dai cheti chake kwa kampuni iliyokukata. Ndicho kitakachokusaidia ukifanya hesabu zako za mwaka. Hakuna linki itakayokurudishia.

Mzee wa Kibosho

Wanangu, mimi nimestaafu, nina TIN ya leseni ya udereva tu. Hili linanihusu?

Mhasibu wa Njiro

Shikamoo mzee. Linakuhusu sana. TIN yako si ya biashara, lakini inafungamana na NIDA yako, na mtu akiwa na NIDA yako anaweza kujaribu mengi, na laini za simu zikiwemo. Chukua simu yako bonyeza *106# ufuate maelekezo, utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika waifute. Na ukipata meseji ya utapeli, tuma neno UTAPELI kwenda 15040, utaulizwa namba iliyokutumia, uitaje.

Mzee wa Kibosho

Marahaba mwanangu. Nimebonyeza. Laini tatu. Mbili nazijua. Kesho nashuka mjini.

Kaka wa Texas

Nimezaliwa Marangu, niko Marekani mwaka wa 11. Nasoma huu uzi naona ni kama mnaongelea huku. Hapa wezi huchukua namba yako ya hifadhi ya jamii, wanawasilisha ritani kwa jina lako mapema kabla yako, wanapokea marejesho ya kodi. Wewe ukija kuwasilisha unaambiwa tayari ilishawasilishwa. Ilinitokea, nikajaza fomu namba 14039 ya mamlaka ya kodi ya huku, IRS, na kungoja kulikuwa kurefu.

Kwa ndugu walioko huku wanaosoma: ombeni ile PIN ya ulinzi ya tarakimu 6 kutoka IRS. Tangu 2021 mlipakodi yeyote anayeweza kujithibitisha anaweza kuipata, na bila hiyo mtu hawezi kuwasilisha ritani ya mtandaoni kwa namba yako. Anayewaandalia ritani kwa malipo lazima awe na namba yake ya uandaaji, PTIN, na aweke sahihi yake. Akikuambia "sahihi weka wewe tu, mimi usinitaje", ondoka. IRS kwa kawaida huanza kwa barua ya posta. Yule anayepiga simu anatishia polisi wanakuja mlangoni na anataka ulipe kwa kadi za zawadi ni mwizi.

Wabongo wengi huku tunaandaliwa kodi na Mbongo mwenzetu kwa kuaminiana. Kuaminiana ni kuzuri, lakini namba yake iulizeni.

Dada Kiborloni

Mleta uzi, yule kijana alikamatwa? Na sheria inasemaje, maana hapa naona sisi ndio tunaohangaika na barua.

Mama Vitenge wa Mbuyuni (mleta uzi)

Dada, bado hajapatikana. Taarifa iko polisi, nami huenda kuulizia. Sheria ipo: kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta ni kosa ndani yake. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Mshauri wangu ndiye aliyenionyesha hizo.

Upande wa makadirio, pingamizi langu lilisikilizwa. Kilichonisaidia zaidi ni madaftari. Yale madaftari ya kaunta yenye madoa ya chai, nimeandika "kitenge pisi 3, kanga doti 2" kila siku kwa miaka mitatu. Afisa aliyafungua ukurasa kwa ukurasa. Mtu anayeuza nondo haandiki hivyo.

Jirani yangu wa meza nilikwenda naye Jumanne. Alifunga biashara nusu siku, akaninung'unikia njia nzima. Binti yangu alishamfungulia barua pepe usiku wake, neno la siri kaliandika nyuma ya kalenda nikamkataza, sasa liko kichwani. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi meseji ya uthibitisho ikaingia kwenye kasimu kake ka tochi. Akanipa nimsomee. Nikamrudishia, nikamwambia isome mwenyewe, hiyo ni yako, usimpe mtu, hata mimi.

Fundi wa Ngarenaro, nakala ya barua niliyoandika nimekutumia faraghani, nimefuta namba zangu. Badilisha majina na maelezo, usisahau kuambatanisha RB. Na kama una daftari la milango uliyouza, libebe. Ukikwama, piga 0800 750 075 au 0800 780 078, za TRA hizo, ni bure. Ukirudi Jumatatu utuambie walikukuta na nini kwenye TIN yako.